Daftari la uvuvi wa mshipi limenifundisha data kuliko kozi niliyolipia. Mliotoka kemia, kwenu ilikuwaje?

#1 MshipiWaMaweni · Ijumaa, saa 3:12 usiku

Hamjambo wanajukwaa. Niko Malindi. Nilisoma kemia, na huu ni mwaka wangu wa sita katika maabara ya kiwanda cha chumvi huku njia ya Gongoni. Asubuhi nazunguka mabwawa na hidromita: maji ya bahari yakiingia yanasoma Baumé (kipimo cha uzito wa maji ya chumvi) 3 na ushei, yakifika 25 hivi chumvi inaanza kukaa chini. Mchana natitreti kloridi, yaani nadondosha nitrati ya fedha tone tone mpaka rangi igeuke, nijue chumvi ni kiasi gani. Jioni napima iodini katika chumvi iliyokwisha kupakiwa. Nitrati imenitia weusi vidoleni hata mamangu mwanzo alidhani ni piko, akaniuliza harusi ya nani.

Mwaka jana nikaamua kuhamia sayansi ya data. Kemia sikuichoka. Nilichoka kuona namba ninazoandika zinaingia faili, faili inaingia kabati, na hapana anayeifungua tena. Nikalipia kozi ya miezi sita. Tulipewa abiria wa Titanic tubashiri nani alinusurika, tukapewa maua 150 ya Iris tuyagawe mafungu matatu. Nilifaulu yote. Kisha siku niliyofungua ukurasa mtupu nianze jambo langu mwenyewe, sikujua nianzie wapi.

Sasa, mimi ni mtu wa mshipi. Tangu 2021 nina daftari la jalada gumu. Kila nikirudi baharini naandika tarehe, mwezi una siku ngapi, maji yalijaa saa ngapi, upepo, chambo, samaki na uzito. Sikuagizwa na mtu. Mwezi wa pili mwaka huu nikakaa nikaliingiza lote kwenye laptopu, safari 212. Wiki tatu hizo nilijifunza kusafisha tarehe, kuunganisha jedwali la mwezi na jedwali la safari, kuchora, na kuandika Python (lugha ya kuiagiza kompyuta) ya kujibu swali langu mwenyewe. Nilikwama, nikatafuta, nikakwamuka, kwa sababu jibu nalitaka. Na jibu nimelipata: bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yaani mwezi mpevu, napata wastani wa kilo 4.2. Maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, kilo 2.9.

Kwa hiyo dai langu ni hili: anayetaka kuhama fani aanzie kwenye uraibu wake, kozi itafuata. Na swali: mliohama, uraibu wenu mnao bado? Wenzangu kazini wanasema nikishika kazi ya data mshipi nitautundika, maana kazi ile inakula usiku.

#2 Nahodha_Mdogo · saa 3:20 usiku

Kilo 4.2 kwa chambo gani? Hayo mengine nitasoma kesho.

#3 Mkemia_Mstaafu · saa 4:05 usiku

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho. Nimekaa maabara miaka 31, na naona unampa samaki sifa isiyo yake. Aliyekufundisha ni bureti, ule mrija wa kioo wenye koki wa kutitretia. Nani alikwambia uandike upepo? Nani alikwambia uandike chambo hata siku ambayo chambo ni kile kile cha jana? Mvuvi wa kawaida anakumbuka siku aliyopata sana na siku aliyopoteza ndoana. Wewe uliandika kila kitu kwa kuwa ulishazoezwa kwamba kipimo kisichoandikwa hakikupimwa.

Jikumbuke saa ya kutitreti. Kromati imetia maji umanjano, unafungua koki, fedha inadondoka, weupe unatanda kama maziwa, unatikisa flaski. Tone moja, wekundu unakuja na kupotea. Tone la pili, unakuja na kupotea. Tone la tatu unabaki. Unainama jicho lilingane na maji, unasoma mpaka desimali ya pili, na unarudia mara tatu hata kama njaa inauma. Kisha unatitreti maji matupu yasiyo na sampuli, ujue kosa lako mwenyewe ni kiasi gani. Vijana wengi wa kompyuta niliokutana nao hawajawahi kupima kosa lao wenyewe. Hapo ndipo utakapowazidi.

#4 KibokoYaHesabu · saa 4:31 usiku

Mzee wangu shikamoo. Bureti ni nzuri lakini haivushi mtu. Kinachovusha ni hesabu, na ushahidi ni mkemia mwenzenu.

Jaribio la t la kulinganisha wastani, ambalo kila mtu wa data analitumia, lilitungwa na William Gosset. Alisoma kemia na hesabu Oxford, akaajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin mwaka 1899. Sampuli zake zilikuwa chache, nne, tano, na kanuni za wakati ule zilitaka sampuli nyingi. Akaitafutia hali yake hesabu yake, akaichapisha 1908 kwa jina la kupanga, Student, kwa kuwa kampuni haikuruhusu wafanyakazi wachapishe kwa majina yao. Wakemia wengine pale walikuwa na vyombo vile vile na shayiri ile ile. Yeye alikuwa na hesabu.

MshipiWaMaweni, wastani mbili bila mtawanyiko, yaani namba zimetapakaa kiasi gani kuuzunguka wastani, hazijaniambia kitu bado. Na sina shaka wiki ya takwimu kwenye kozi uliipita mbio.

#5 Binti_Shela · Jumamosi, saa 1:40 asubuhi

Salama huko Malindi. Mimi ni Mwamu, nilisoma kemia, na sasa mwaka wa nne kazi yangu ni data, naifanya nyumbani kwa watu walio mbali. Sikuanzia uraibu. Nilianzia mai, maji kwenu.

Mji wa Lamu unakunywa mai ya matuta ya mchanga ya Shela. Mvua inanyesha mchangani, inazama, na kwa kuwa mai tamu ni mepesi yanaelea juu ya mai ya chumvi kule chini kama mafuta juu ya mchuzi. Ukivuta sana kisimani, chumvi inapanda. Kazi yangu ilikuwa kupima chumvi hiyo kwa kifaa cha kupitisha umeme, kila kisima mara moja kwa wiki. Naandika, nakabidhi karatasi, basi. Siku moja nikazitandika karatasi za miaka miwili ukumbini kwetu, kisima kwa kisima, mstari mmoja mmoja. Vingine vilipanda chumvi wiki chache baada ya wageni kujaa mjini, vingine havikutikisika kabisa. Nilikaa sakafuni pale mpaka adhana ya magharibi. Siku hiyo ndiyo niliyohama, ingawa mshahara wa data niliuona miezi kumi na nne baadaye.

Uraibu wangu ni kushona kofia. Kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa sindano, kofia moja hunichukua miezi miwili, mitatu. Sijapata kuhesabu vitundu na sitahesabu. Macho yakichoka na kioo, sindano ndiyo inayonirudisha. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili: uraibu ninao, na ninao kwa sababu sikuuruhusu uingie kwenye kompyuta.

Halafu sahihisho. Bamvua si mwezi mpevu peke yake. Huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mara mbili kwa mwezi, na huzidi siku moja mbili baada ya hapo. Kama kwenye programu yako umeweka mpevu tu, nusu ya bamvua zako umeziita maji mafu.

#6 FundiUdi · saa 2:15 asubuhi

Binti_Shela umesema kweli tupu juu ya uraibu. Mimi napiga udi tangu utotoni, nilifundishwa na babu. Nilipoanza data (nami nimetoka kemia, maabara ya kiwanda cha rangi) nikaona nitumie udi kama mwenzetu anavyotumia mshipi. Nikaandika dakika za mazoezi, nyimbo, makosa kwa kila wimbo. Nikachora. Mchoro ulipanda vizuri miezi miwili, na mimi nikawa nachagua nyimbo nyepesi ili makosa yapungue. Babu akanisikia usiku mmoja akaniuliza mbona sipigi tena ule wimbo mrefu aupendao. Nikafuta jedwali lote. Ilinichukua karibu mwaka kupiga bila kuhesabu kichwani.

Usikipime unachokipenda, ndugu yangu. Utakipoteza ukiwa unakitazama.

#7 Nahodha_Mdogo · saa 2:22 asubuhi

Binti_Shela, hayo "mai" yamenikumbusha bibi yangu. Tuongezee na "muyi" (mji) na "ndia" (njia) tushibe. Mwenye uzi, chambo bado.

#8 MshipiWaMaweni · saa 7:50 mchana

Ahsanteni. Binti_Shela, umeniokoa. Nimeangalia: jedwali la mwezi nililolipakua lina yote mawili na programu imeyasoma yote mawili, kwa hiyo hesabu iko sawa. Nilikosea kuandika hapa tu. Nimegawa mwezi nusu kwa nusu, siku za kuzunguka mwandamo na mpevu upande mmoja, zilizobaki upande wa pili.

FundiUdi, pole sana. Ila kwangu imekuwa kinyume, tangu nianze kuchora natoka baharini nikiwa na hamu zaidi. Labda kwa kuwa samaki hanisikilizi kama babu alivyokusikiliza wewe.

Mzee, nimekubali nusu. Niliingia chuo nikiwa tayari mvuvi, ila daftari nilianza baada ya maabara. Hilo siwezi kulikataa.

#9 TakwimuNaTanga · saa 10:05 alasiri

Nimekuwa nikikusanya takwimu za samaki kwenye madiko kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nakuuliza lile ninalowauliza wote: siku ulizorudi mikono mitupu, uliandika nini kwenye safu ya uzito?

Maana najua wanavyofanya. Mtu akipata kilo nane anaandika nane kwa kalamu ya wino. Akikosa, anaacha wazi, anasema "leo hakuna cha kuandika". Kompyuta ikikutana na nafasi wazi inairuka. Ukiiomba wastani inakupa wastani wa siku ulizopata, na wewe unadhani ni wastani wa siku ulizokwenda. Hayo ni maswali mawili tofauti, na tofauti yake inaweza kugeuza kila ulichosema.

Jambo la pili, kwa wakemia wote humu. Maabara, ukichora mstari wa kusanifia wa spektrofotometa (mashine ya kupima kwa mwanga) na r mraba, namba ya 0 hadi 1 inayosema mstari umezifuata nukta kiasi gani, ikatoka 0.98, unamwaga unaanza upya. Nilipoajiri mkemia kijana kwa muda alikaribia kulia alipoona r mraba ya 0.3 kwenye samaki, akidhani ameharibu. Kwa samaki, 0.3 ni habari. Bahari haina koki ya kufunga.

#10 MshipiWaMaweni · saa 2:40 usiku

Nimefungua daftari. Nafasi wazi kwenye uzito ziko 61 kati ya safari 212.

Nimeona haya, nasema kweli. Kazini nisingefanya hivi hata siku moja.

#11 Mkemia_Mstaafu · saa 3:15 usiku

Usione haya, sasa ndipo somo lilipo. Kazini ungeandika nini iwapo sampuli imepita kwenye mashine na mashine haikuona kitu? Usingeandika sifuri. Usingeacha wazi pia. Ungeandika "haikuonekana", na pembeni ungetaja kiwango cha chini kabisa ambacho mashine inaweza kuona. Na kama sampuli ilimwagika njiani ungeandika "imemwagika". Mambo matatu hayo: hakuna, hakikuonekana, hakikupimwa. Kwenye karatasi ya mtu asiye mkemia yote ni nafasi wazi moja.

Rudi kwenye hizo 61. Kila moja itafutie jina lake. Siku uliyotoka na kukosa ni sifuri halali, kwa samaki sifuri ipo. Siku uliyopata ukagawa pwani kabla ya mizani, hiyo imemwagika. Ziache nje.

Na KibokoYaHesabu aangalie vizuri: hesabu yake isingeliona hili. Hesabu inapokea ilichopewa.

#12 KibokoYaHesabu · saa 3:30 usiku

Mzee, kuna tawi zima la takwimu linaloshughulika na data zilizokosekana na sababu za kukosekana kwake. Aliyelisoma angeuliza swali la TakwimuNaTanga siku ya kwanza. Kwa hiyo hata hapo ni hesabu.

#13 MamaNuru · Jumapili, saa 11:20 alfajiri

Nimesoma michango yote. Bureti, hesabu, visima, udi. Nami nauliza: katika zile wiki tatu, nani alikuwa akipika?

Mimi nafundisha kemia sekondari hapa Malindi, na ninajisomea data tangu mwaka juzi. Saa zangu ni kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa kumi na moja na nusu, unga wa mahamri ukiwa unaumuka. Hesabu ninayo, nafundisha. Bureti ninayo, najaza na kuosha kwa wanafunzi arubaini. Hamu ninayo. Mwaka wa kwanza sikusogea hata hatua, kwa sababu kila nikishika uzi wa jambo, mtoto anaamka. Nimeanza kusogea tangu mdogo wangu alipohamia kwangu miezi sita. Kipande cha programu kilichonishinda miezi minne nilikimaliza Jumamosi moja, kuanzia saa tatu hadi adhuhuri, mlango umefungwa. Sikuwa nimekuwa hodari ghafla. Nilipewa saa tatu zilizoungana.

Na juu ya uraibu. Wanaume wakienda barazani kucheza bao huitwa kupumzika. Mimi nikikaa uani nasuka ukili, jambo ninalolipenda tangu nilipokuwa msichana, kila apitaye ananiambia "pole na kazi". Kwa hiyo mkiulizana uraibu wenu mnao bado, kumbukeni wengine wetu tunao na haujawahi kuitwa hivyo.

(Shangazi yangu bado anadhani nauza bando. Nikimwambia nasoma data anauliza mbona simu yake nisimwekee.)

#14 Binti_Shela · saa 12:45 asubuhi

MamaNuru, nimekusoma mara mbili. Ile miezi kumi na minne yangu, mama ndiye aliyepika. Sikuitaja, na nilipaswa.

#15 Msomaji_Kimya · saa 3:10 asubuhi

Leo naandika kwa mara ya kwanza. Hilo neno "uraibu" mnalitumiaje? Kwenye redio naskia uraibu wa dawa za kulevya. Mshipi nao ni dawa?

Pia mmesahau kwamba kemia na hesabu ni ndugu kwetu zamani. Mkemia Jabir ibn Hayyan ndiye aliyeipa aljebra jina lake.

#16 Maalim_wa_Mambrui · saa 3:48 asubuhi

Msomaji_Kimya karibu. Uraibu ni jambo ulilolizoea hata huwezi kuliacha, liwe jema liwe baya, na shuleni tulifunzwa kuliandika kwa mapenzi ya mtu kama hivi. Maana zote mbili zinaishi.

La Jabir si kweli, ingawa wengi wanalisema kwa kuwa majina yanafanana. Al-jabr ni neno la Kiarabu la kuunga, hata mfupa uliovunjika huungwa kwa jabr, na liliingia kwenye hesabu kwa kitabu cha al-Khwarizmi, Baghdad, karne ya 9. Jina lake huyo al-Khwarizmi ndilo lililozaa "algorithimu". Jabir ni wa kemia. Ila wewe uko karibu na jambo zuri: maneno yote haya mawili ya mwenye uzi, kemia alikotoka na algorithimu anakokwenda, yamepita kwa Waarabu kabla ya kufika Ulaya.

#17 Nahodha_Mdogo · saa 4:00 asubuhi

Maji yanapwa saa hizi, mimi naenda kwa pweza. Bamvua kwetu maji hupwa saa nne asubuhi, hilo halihitaji Python.

#18 BaruaNyingi · saa 8:30 mchana

Nawaheshimu wote lakini nyote mnazungumzia kujifunza. Kujifunza na kupata kazi ni bahari mbili. Mimi nilisoma kemia, nikajifunza SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) na Python, nikapata vyeti vitatu. Nilituma barua 70 na zaidi kwa matangazo ya kazi za data, Nairobi na Mombasa. Nikaitwa mahojiano manne. Matatu waliniuliza mambo ya kompyuta, nikajibu, sikusikia tena.

La nne lilikuwa kiwanda cha chakula. Mkuu wa ubora alitoa karatasi ya vipimo vya unyevu na chumvi vya mwezi mzima, akaniuliza naona nini. Nikamwambia vipimo vya zamu ya usiku vyote vinaishia kwa sifuri au tano, kwa hiyo mtu anakadiria kwa jicho, hasomi chombo. Akacheka, akasema amekuwa akishuku hivyo. Nikaajiriwa. Sikuulizwa Python hata mara moja mpaka siku ya kwanza ya kazi.

Kwa hiyo kwangu mimi hakuna kuhama. Kuna kuegemea. Tafuta mahali wanapohitaji mkemia anayejua data, usigombanie nafasi na watoto wa kompyuta. MshipiWaMaweni, hicho kiwanda chako cha chumvi kina kabati la miaka sita ya namba. Umewahi kuwaomba?

#19 MshipiWaMaweni · saa 8:55 mchana

Sijawahi. Na nimejiuliza tangu nisome hapa kwa nini sijawahi.

#20 KompyutaKwanza · saa 11:15 jioni

Kuegemea ni kuchelewa tu. Kemia yenyewe imeshahamia kwenye kompyuta. Nobeli ya kemia 2024 walipewa watu wa akili bandia kwa kubashiri maumbo ya protini. Wakemia hawakupata kitu.

#21 Mkemia_Mstaafu · saa 12:02 jioni

Taratibu, kijana. Nusu ya Nobeli ile alipewa David Baker, mtu wa baiokemia, kwa kubuni protini mpya. Nusu ya pili waligawana Demis Hassabis na John Jumper wa DeepMind, kampuni ya akili bandia, na huyo Jumper shahada yake ya udaktari ni ya kemia, chuo kikuu cha Chicago. Na modeli yao, yaani programu yao ya kubashiri, ilijifunza kwa maumbo ya protini yaliyopimwa maabara, moja moja, kwa miongo mingi, na watu waliokesha na mashine za miale ya eksi. Bila wale hakuna hawa.

#22 FundiUdi · saa 12:10 jioni

Mzee yuko macho leo.

#23 MshipiWaMaweni · Jumatatu, saa 3:40 usiku

Nimerudi. Nilikaa na daftari usiku wa jana na wa leo. Nafasi wazi 61 nimezipa majina kama mzee alivyosema. Chambo nilichonunua na maelezo ya pembeni yamenisaidia kukumbuka. Safari 17 nilipata samaki lakini sikupima, nyingi niligawa pale pale pwani. Hizo nimeziacha nje. Safari 44 nilirudi mikono mitupu, sasa ni sifuri.

Zimebaki safari 195. Bamvua ni 100, na sifuri zake ni 31. Maji mafu ni 95, sifuri 13. Wastani mpya: bamvua kilo 2.9, maji mafu kilo 2.5.

Nilipoona 31 nilikumbuka zile siku. Bamvua mkondo unakwenda, risasi ya kuzamisha ndoana haikai chini, mshipi unachukuliwa upande, narudi mapema. Ni siku ambazo nilikuwa na hasira, ndiyo maana sikuandika. Na siku za bamvua nilizopata, nilipata sana, nikaandika kwa furaha.

#24 KibokoYaHesabu · saa 3:58 usiku

Mtawanyiko je?

#25 MshipiWaMaweni · saa 4:03 usiku

Pande zote mbili karibu kilo 3.

#26 KibokoYaHesabu · saa 4:20 usiku

Basi fuatana nami. Kosa la tofauti kati ya wastani hizo mbili, yaani kiasi ambacho bahati tu ingeweza kuisogeza: 3 mara kipeuo cha pili cha (1/100 + 1/95), ni kama 0.43. Tofauti yako ni 0.4. Iko ndani ya kosa lake yenyewe, huwezi kusema bamvua inakupa zaidi. Sasa rudia na hesabu yako ya kwanza, uliporuka sifuri na zisizopimwa: safari 69 za bamvua na 82 za maji mafu, kosa kama 0.49, tofauti 1.3. Ile ilikuwa mara mbili na nusu ya kosa. Ungeipeleka kwa mtu yeyote ungemshawishi, na ungekuwa umekosea.

Kazi nzuri, nasema kwa moyo. Watu wengi wakiambiwa wana nafasi wazi 61 wanafunga laptopu.

#27 TakwimuNaTanga · saa 4:41 usiku

Naongeza. Wastani si swali pekee. Tazama sifuri zenyewe: 31 kwa 100 dhidi ya 13 kwa 95. Hapo kuna kitu. Huenda bamvua haikuongezei wala kukupunguzia samaki kwa jumla, ila inakugawia siku zako vibaya, nyingi tupu na chache nono. Kwa mvuvi anayelisha nyumba kwa siku, hiyo ni habari kubwa kuliko wastani. Igawe modeli mara mbili: kwanza utapata au hutapata, kisha ukipata utapata kiasi gani.

#28 MamaNuru · Jumanne, saa 11:05 alfajiri

TakwimuNaTanga, hiyo ya kugawa mara mbili nimeinakili ubaoni jikoni. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wataiona wiki hii kwenye vipimo vya maji ya Sabaki, maana mto ukishuka na udongo chombo chetu cha uwazi wa maji kinasoma sifuri wiki nzima.

#29 Binti_Shela · saa 2:00 asubuhi

MshipiWaMaweni, hongera. Nina moja la mwisho. Umesema huko nyuma kwenye uzi mwingine kwamba mwezi wa Ramadhani huendi baharini. Ramadhani ya 2021 ilianza katikati ya Aprili, ya 2024 ilianza kabla ya katikati ya Machi. Kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Kwa hiyo daftari lako lina pengo la mwezi mzima linalotembea, linatoka kwenye mvua za masika linaingia kwenye kaskazi. Ukilinganisha mwaka na mwaka, au kusi na kaskazi, hilo pengo umeliwekaje?

#30 MshipiWaMaweni · saa 2:25 asubuhi

Sikuliweka. Sikuliona kabisa. Leo nikitoka kazini nalifungua tena.

Na nimeongea na mkubwa wangu wa zamu asubuhi hii juu ya lile kabati. Ameniuliza naitakia nini. Nimemwambia nataka kuona kama iodini inashuka chumvi ikikaa ghalani wakati wa kusi. Ameniambia nilete ombi kwa maandishi.

#31 Nahodha_Mdogo · saa 2:31 asubuhi

Siku ya tano leo. Chambo.

#32 MshipiWaMaweni · saa 2:33 asubuhi

Ngisi, kaka. Kata vipande virefu vyembamba, usimtoe ngozi. Kamba nimejaribu safari 40, wako kwenye jedwali, nitakuletea jioni pamoja na sifuri zake.